Kilichozikwa Bustanini kwa Abu Haytham

Asubuhi ile, mwaka ambao wageni waliingia Iraki na vifaru vyao, benchi la Kadhim muuza chai lilijaa mapema. Ng'ambo ya mfereji, tingatinga lilikuwa linang'oa mikomamanga ya Abu Haytham, na mwenyewe alikuwa amekaa papo hapo benchini, chai yake haijapungua glasini. Askari walikuwa wamemtoa shambani kwa mtutu wa bunduki. Majasusi wao walikuwa wameambiwa kwamba silaha za rais aliyekimbia zimefichwa pale. Redio, aliyepewa jina hilo kwa kutozimika, alikuwa keshaanza.

— Hawapati kitu, nawaambieni. Silaha zilishavushwa jangwani kwa magari ya barafu.

— Barafu gani wewe! — alimdaka Jenerali. Vita vyote alivyokwenda alikuwa mpishi wa kikosi. Cheo alipewa na benchi. — Ziko chini ya mto. Kuna ghala la chuma, samaki wanaogelea juu yake. Ndiyo maana siku hizi samaki wananuka mafuta ya taa.

— Wananuka kwa sababu ndiyo unayokaangia, mpishi wee.

— Cheka tu. Hao wana mitambo inayomwona nzi angani. Wasingekuja bure.

— Si ndio hao waliovunja kiwanda cha jibini wakasema cha sumu?

— Labda walionja jibini ya shemeji yako!

Kicheko kikapita benchi zima. Kadhim akamgeukia mwenye shamba, birika mkononi.

— Abu Haytham, mbona kimya leo? Usije ukawa umeficha bomu, sisi jirani zako hatuna habari.

Abu Haytham alijaribu kutabasamu, macho yake ng'ambo. Tingatinga lilikuwa linakaribia ukuta wa mashariki.

— Kuna mtu alionekana akifukia kitu, — Redio aliendelea. — Ujasusi ndio huo, bwana. Wa kwanza kaona jembe, wa pili kasikia kombora, wa tatu kachora ramani.

Mara mngurumo ukakatika. Askari walijikusanya ukutani. Mmoja akavua kofia yake ya chuma. Kisha mkalimani wao, kijana wa Kiiraki aliyejifunika uso kwa kitambaa, akavuka daraja la ubao.

— Salamu alaykum. Mwenye shamba nani?

— Mimi, mwanangu.

— Mzee wangu, kifaa chetu cha kutafutia chuma kililia, tukadhani silaha. Kumbe ni chuma cha mkanda. Ni mtu, kalazwa kuelekea kibla, kafunikwa blanketi. Unamjua?

Abu Haytham aliweka glasi chini taratibu.

— Ni Haytham.

— Haytham yuko Uswidi! — Redio aliruka. — Si ulituambia mwenyewe kuwa anafanya useremala huko?

— Askari wa rais walimpiga risasi kwenye yale maasi, miaka kumi na miwili iliyopita. Siku zile, mkionekana mnamlilia muasi, wanarudi kuchukua wadogo zake. Nilimleta kwa mkokoteni, juu yake nimelaza majani ya ng'ombe. Nikamzika peke yangu.

Jenerali aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

— Mama yake yu hai? — mkalimani aliuliza.

— Yu hai. Kila Idi humnunulia nguo mpya, anamwekea.

— Hajui?

— Angepiga ukelele, mwanangu. Ukelele mmoja tu ungetumaliza sote. Halafu miaka ikapita, nikashindwa pa kuanzia.

— Sasa nani atamwambia?

Kijana akawatazama mmoja baada ya mwingine. Redio alikazia macho viatu vyake. Kadhim alibaki kashika birika, kasahau kumimina.

Kwenye njia ya mfereji Umm Haytham, mama mwenyewe, alikuwa anakuja, baibui kalikusanya mkononi, akimuuliza kila anayepishana naye kwa nini mashine imenyamaza. Abu Haytham akajishika bega la Jenerali, akainuka, akaanza kumwendea mkewe, polepole, kama mtu anayeomba njia isiishe.