Mwalimu Anselmo na Hoja ya Kutokwenda Hospitali

Waombolezaji wapendwa, Mwalimu Anselmo Nandonde alizaliwa Kitangari tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa mzee Christopher na mama Dominika, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaenda sekondari na chuo cha ualimu, na mwaka 1991 akaanza kufundisha somo la Uraia huko Chiwata.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Justa mjini Masasi, wakajaliwa Careen na Nickson, na tangu hapo Justa hakuwa na raha kila kampeni zilipoanza, maana mumewe alikuwa na ugonjwa wa kupima maneno ya wanasiasa. Mtu akisema jukwaani kwamba asiyemtaka mgombea wao hataki maji, Mwalimu alinyoosha mkono na kuuliza anayetaka maji lakini asiyemtaka mgombea awekwe wapi, watu wakacheka, na Justa nyumbani akachungulia njia mpaka amwone. Alimsihi, Baba Careen, waache watu na siasa zao, naye akamjibu kwamba hagombani na mtu, anauliza tu.

Agosti 2025 presha ilimpanda, miguu ikavimba, naye akagoma kwenda hospitali, akisema baba yake alikwenda akafa, dada yake Pili alikwenda akafa, kwa hiyo anayekwenda harudi. Jamani, Mwalimu huyu huyu! Justa alikonda kwa wasiwasi, akabembeleza, akalia, hadi tarehe 2 Februari 2026 alipomkalia mbele na kumwuliza, kama Mwalimu alivyouliza wanafunzi, mbona yeye Justa alipasuliwa hospitali kumzaa Nickson akarudi, na uji wa uzazi alipikiwa na nani kama si na Mwalimu mwenyewe. Mwalimu akasema, mama, nimeshindwa, nipe viatu.

Alipelekwa hospitali ya Mkomaindo, lakini figo zilikuwa zimeshachoka, na tarehe 6 Februari akafariki, Justa akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliochota maji ya msiba huu.

Justa ameagiza neno moja lisomwe, kwa sababu tangu jana linamnyima usingizi. Anaogopa kwamba humu msibani yupo mwenye miguu iliyovimba, anayejiambia kimoyomoyo kuwa hata Mwalimu alikwenda akafa. Mwalimu hakufa kwa kwenda, alikufa kwa kuchelewa, na mtu huyo Justa anamwomba avae viatu leo, asisubiri hata arobaini.

Mwalimu Anselmo, baba Careen, lala kwa amani.