Ufukwe Usio na Watu

Feliksi: Haloo? Hii namba ya nani?

Klementina: Ni mimi.

Feliksi: Mimi nani?

Klementina: Klementina, dada yako. Simu yangu imezima, hii ni ya Merina.

Feliksi: Dah, dada. Shikamoo.

Klementina: Marahaba. Mwakeye, habari za huko Dar?

Feliksi: Freshi tu. Kabogozi kwema?

Klementina: Kwema. Tuko mkutanoni, nimetoka nje kidogo. Una nafasi?

Feliksi: Kuna wateja hapa, ila sema tu. Mkutano wa nini?

Klementina: Wa klipu yako.

Feliksi: (anacheka) Kijiji kizima kimekaa kwa ajili ya klipu?

Klementina: Ego, kizima. Mtendaji kaja nayo kwenye kompyuta, wakakodi na spika za yule mshereheshaji wa harusi. Nadhani mpaka Kongo wamekusikia.

Feliksi: Mmetisha. Unajua imefika watazamaji laki nne?

Klementina: Nasikia. Nusu yao wako hapa.

Feliksi: Si ndiyo raha hiyo? Wageni, biashara. Mama Happiness aliniambia chapati zinaisha kabla ya saa tatu.

Klementina: Zinaisha. Siku hizi zina jina refu, mwenyewe hawezi kulitamka, anawaonyesha kwa kidole. Na Selestini ametokea kwenye kalenda ya ile loji mpya.

Feliksi: Selestini yupi, mshona nyavu?

Klementina: Huyohuyo. Si anaoga pale jiweni tangu hujazaliwa? Amewekwa mwezi wa tatu, ana povu kichwani. Mkewe ameitundika sebuleni, atafanyaje.

Feliksi: Dada—

Klementina: Simsemi mtu. Nakupa habari za nyumbani. Pale tulipokuwa tunafulia wamefunga bembea ya kupigia picha. Kufua bado tunafua, ila kwa foleni.

Feliksi: Nimeiona hiyo bembea mtandaoni. Kali kinoma. Na yale mapazia meupe yanayopepea nyuma yake—

Klementina: Ni mashuka yangu.

(mtandao unakwaruza)

Feliksi: Haloo? Dada?

Klementina: Nipo. Sasa nisikilize, salio la Merina si jingi. Watu wa loji wanaomba eneo. Kuanzia jiwe la Selestini mpaka zinapolala boti za kina Hamdani.

Feliksi: Hapo si ndiyo—

Klementina: Ndiyo hapohapo.

Feliksi: Pa mama.

Klementina: Pa mama, pa Verediana, pa Merina, pa Mama Happiness. Safu zote nne za kuanikia. Wanataka kuweka viti vya kulalia.

Feliksi: Na dagaa mtaanika wapi?

Klementina: Mtendaji anasema tutatafutiwa sehemu upande wa Mwandiga.

Feliksi: Mwandiga hakuna ziwa.

Klementina: Tumemwambia. Ameandika.

Feliksi: Sasa si mkatae tu? Nyie ni wengi.

Klementina: Tumekataa tangu wiki iliyopita. Shida ni mpimaji. Alikuja, akatembea na utepe wake, akaandika, "Eneo liko wazi, halina shughuli yoyote."

Feliksi: Halina shughuli vipi? Alikuja lini huyo?

Klementina: Mbalamwezi.

Feliksi: Ah.

Klementina: Ego. Wewe ni mtoto wa mwaloni, umekulia kwenye boti na dagaa, huhitaji kuelezwa. Yeye ametoka mjini. Mwezi ukiwa mpevu nani anakwenda kuvua? Taa haivuti hata dagaa mmoja. Wanaume wote wako kule juu wanashona nyavu. Na sisi tulikuwa tumeshafagia. Magamba tumetoa, vijiwe tumetoa, mchanga unapigwa jua, unasubiri giza lirudi wavuvi waingie majini. Alipakuta pasafi, akaona pana wachawi au hapana mtu. Akaandika hapana mtu.

Feliksi: Mwambieni hivyo basi, kama unavyoniambia mimi.

Klementina: Nimemwambia hivihivi. Akasema hayo ni maneno, na yeye ana ushahidi. Ndipo ikaletwa klipu.

Feliksi: Klipu ipi?

Klementina: Hiyo unayoisifia. Uliipiga Pasaka, na Pasaka haikosi mbalamwezi, hata padri anajua. Nimeisikiliza mara tatu leo, naweza kukuimbia. "Watu wangu, oneni hii, mchanga haujaguswa. Hakuna mtu hapa. Ni wewe na ziwa lako."

Feliksi: Dada, yale ni maneno ya mtandaoni. Lazima uyatie chumvi. Ukisema hapa pana kina mama na mafagio, nani atapanda treni kuja kuona?

Klementina: Sijui. Waliopanda wamefika, sasa wanauliza mbona pananuka dagaa.

Feliksi: Mimi nilitaka kwetu pajulikane, basi.

Klementina: Pamejulikana.

Feliksi: Sasa mnataka nifanye nini? Niifute?

Klementina: Ukiifuta itasaidia nini, wanayo kwenye kompyuta. Mwenyekiti wa kijiji amesema hivi: kama aliyepiga picha atatamka kwa mdomo wake kwamba siku ile watu walikuwepo na ni pao, mpimaji atarudishwa aje wakati wa giza, dagaa wakiwa wameanikwa, apime upya akituona. Kama hakuna wa kutamka, wanagonga mhuri leo. Kwa hiyo nitaweka spika, useme.

Feliksi: Sasa hivi?

Klementina: Wako mapumziko, wanakunywa soda za loji. Zikiisha wanaingia.

Feliksi: Dada, subiri kwanza. Kuna kitu— (mtandao unakwaruza) —unanipata?

Klementina: Nakupata.

Feliksi: Wale wa loji walinipigia. Wiki iliyopita.

Klementina: Enhe.

Feliksi: Wanataka mtu wa kuwapigia picha. Wa kudumu, dada. Kuna mkataba, kuna chumba, nakula hapohapo. Ningerudi nyumbani moja kwa moja. Naanza tarehe moja.

Klementina: Ndiyo maana simu zangu ulikuwa hupokei.

Feliksi: Si kwamba nilikuwa sipokei, nilikuwa—

Klementina: Haya. Ulikuwa na kazi.

Feliksi: Miaka minne niko Mbagala, chumba kimoja tunalala wanne. Nauza makava ya simu juani. Hawa ndio watu wa kwanza kuniita mpiga picha. Waliniita hivyo kwenye simu, dada, bila kucheka.

Klementina: Unapiga vizuri. Hata mimi nimeona leo, ziwa limetoka lenyewe.

Feliksi: Nikitamka hayo mbele yao, kazi hakuna.

Klementina: Najua.

Feliksi: Unajua, na bado unaniomba?

Klementina: Ningekuwa na mtu mwingine mwenye sauti ile, ningempigia huyo.

Feliksi: Siwezi kuandika barua? Ya kistaarabu tu, isiyomgusa mtu. Nikaituma wiki ijayo—

Klementina: Mhuri ni leo.

Feliksi: Basi tuangalie hivi. Nikianza kazi nitakuwa nakutumia kila mwezi. Utaacha kuinama juani na fagio. Utapumzika, umri wenyewe huo.

Klementina: Mimi nitapumzika. Na Verediana naye unamtumia? Na huyu Merina ambaye tunamalizia salio lake?

(honi za daladala)

Klementina: Umekwenda wapi?

Feliksi: Nipo.

Klementina: Mimi nina hasira na wewe, Feliksi, sina haja ya kukuficha. Tangu Pasaka nina hasira. Safu ile ndiyo iliyokupeleka shule, mama kaifagia mpaka wiki aliyolazwa. Ila sikukupigia nikugombeze. Wanaingia sasa. Naweka spika, naisogeza kwenye maiki. Mwenyekiti yuko meza ya mbele, hutamsikia vizuri, mimi nitakuletea maneno yake. Wewe ongea tu, wote wanakusikia.

Feliksi: Dada, ngoja—

Klementina: Nimeshaweka. Mwenyekiti anakusalimu.

Feliksi: Shikamoo mzee.

Klementina: Anasema marahaba. Anauliza, sauti iliyo kwenye picha ni yako?

Feliksi: Ni yangu.

Klementina: Anauliza, siku ile hapakuwa na mtu ufukweni?

(kimya)

Klementina: Feliksi. Mkutano unasubiri.

Feliksi: Walikuwepo.

Klementina: Kina nani?

Feliksi: Verediana. Merina. Mama Happiness. Na dada yangu, Klementina.

Klementina: Kuna bwana wa loji kanyoosha mkono. Anauliza, kama walikuwepo, mbona kwenye picha hawaonekani?

Feliksi: Walikuwa nyuma yangu.

Klementina: Anauliza, wakifanya nini nyuma yako?

Feliksi: Wamesimama. Walikuwa wamefagia tangu alfajiri, kila mtu safu yake, ile ya kwetu mama alimwachia dada. Ndiyo maana mchanga ulikuwa vile. Nilipotoa simu nikawaambia wasogee nyuma yangu.

Klementina: Kwa nini?

Feliksi: Nani anauliza?

Klementina: Mimi.

Feliksi: Mlikuwa na khanga za kazi, mmejaa vumbi na magamba mpaka kwenye nywele. Niliona haya. Sikutaka mwonekane.

(mtandao unakwaruza)

Feliksi: Dada? Haloo? Mbona pamekuwa kimya hivyo?

Klementina: Tupo. Mwenyekiti anaandika. Anaomba urudie, polepole.

Feliksi: Dada, tafadhali.

Klementina: Rudia, salio linakwisha.

Feliksi: Niliwaambia wasogee nyuma yangu, wasionekane. Niliona haya.

(sauti za watu, kisha spika inazimwa)

Klementina: Haya, nimetoa spika, tuko wawili. Mpimaji atarudi wakati wa giza. La kutusogeza nyuma mwenyekiti ameliandika. Hilo la haya amesema haliandiki, si la mkutano.

Feliksi: Yule bwana wa loji je?

Klementina: Katoka nje na simu yake. Nadhani anakutafuta wewe.

Feliksi: Sawa.

Klementina: Utapata kazi nyingine.

Feliksi: Sawa. Dada, lile la mwisho, mimi naomba uni—

Klementina: Si kwenye simu ya mtu, Feliksi. Panda treni uje ulisemee nyumbani, na ukifika usitusogeze tena nyuma ya— (salio linakwisha)