Kaktasi ya Kilima cha El Salitrillo

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi wa Bustani yetu ya Mimea, walimu wenzangu, wageni waalikwa, na wewe Nicolasa Cázares, uliyetoka El Salitrillo alfajiri ukakataa kiti cha mbele:

Mmenisifu kwamba katika miaka thelathini na sita ya kazi nimeipa dunia kaktasi mpya. Niruhusuni, siku hii ya kustaafu, niseme nilivyoitoa.

Mwaka 1988 mama yake Nicolasa, Bi Herlinda, mchunga mbuzi, alinipandisha kilima cha chokaa nyuma ya kijiji. Akainama, akapangusa vumbi kwa ncha ya shali. Nilidhani ni kokoto. Kumbe ni kaktasi, imezama ardhini, kichwa tu kiko nje, na katikati ua dogo la rangi ya waridi.

"Sisi tunaiita kwato," alisema. "Wewe msomi iite utakavyo, ila usiwaambie watu inakaa wapi."

Nikaahidi. Je, nilitimiza? Niliandika makala. Nikaiweka katika jenasi isiyo yake, kosa ambalo wenzangu walilisahihisha baadaye kwa kuchunguza mbegu. Nikaipa jina la profesa wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kilima kile, kwa kuwa nilitaka anipandishe cheo. Na nikachapisha ramani, pamoja na idadi ya hatua kutoka kanisani, ili wasomi wanione makini.

Baada ya miaka miwili walikuja wauzaji wa mimea adimu na sururu na magunia. Niliporudi, kilima kilikuwa mashimo matupu. Bi Herlinda alisimama mlangoni.

"Ramani uliwapa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Lo, hata uongo hujui kusema! Ingia ule, tortilla zinapoa."

Nilikula tortilla zile na maharage nimeinamisha uso. Afadhali angenifukuza.

Nimeomba jina libadilishwe. Kanuni za uainishaji haziruhusu, la kwanza ndilo linalobaki. Na Bi Herlinda tulimzika Machi.

Mwezi jana tulipeleka El Salitrillo miche mia mbili, tuliyoiotesha kwa mbegu zilizosalia hapa bustanini. Nicolasa akatuzuia getini kwake.

"Shusheni hapa hapa, profesa. Wewe geuza gari urudi ulikotoka."

Niligeuza gari nikarudi. Imepandwa wapi, sijui, na sitauliza.

Kwa heshima mliyonipa, na kwa kumvumilia mzee aliyechelewa kuyasema haya, nawashukuru nyote. Asanteni kwa masikio yenu.