Historia ya Mama Yetu Bendera, Fundi wa Nguzo Aliyekuwa Mwoga

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani na mafundi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni binti yake wa mwisho, na kabla sijasoma mstari wa kwanza napenda mjue kwamba ninaogopa. Mnaonifahamu mnakumbuka kwamba nilipokuwa darasa la nne niliitwa kusoma shairi mbele ya wazazi, nikatorokea dirishani, na tangu siku hiyo sijashika kipaza sauti, lakini Mama aliagiza kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba historia yake niisome mimi, wala si kaka mwenye sauti yake nzuri, na kaka amekaa pale mbele na nakala mkononi, tayari kunipokea nikishindwa.

Marehemu, ambaye wengi hapa mlimwita Bendera, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Babu alikuwa akisema hajapata kuona mtoto mwoga kama huyu, kwani aliwachongea mabinti zake kitanda cha dabo deka, na huyu akalala sakafuni miezi mitatu kwa sababu nafasi ya juu ilikuwa yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na sekondari hadi mwaka 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba mwoga kama yeye atafaa kupokea simu ofisini, naye kwa hasira, hasira ambayo sisi wanawe tumeirithi yote, akajiandikisha fani ya njia za umeme, akahitimu Novemba 1973.

Aliajiriwa na shirika la umeme tarehe 4 Februari 1974, akiwa mwanamke pekee katika kikosi cha watu kumi na wawili, na msimamizi alipomuuliza kama anaogopa alijibu kwamba haogopi hata kidogo. Tarehe 19 mwezi huo huo alipanda nguzo ya mita tisa kwa mbwembwe, akiwa ameshughulika sana kuonekana jasiri hata akasahau kufunga mkanda, na alipofika juu na kugundua hilo akaikumbatia nguzo kwa saa mbili nzima huku mtaa mzima ukitazama, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bendera. Fundi cherehani mwenye kibanda chini ya nguzo ile hakucheka, aliburuta godoro lake la inchi nne akalilaza chini, kana kwamba lingesaidia kitu, mpaka msimamizi alipopanda na kumshusha.

Mngetegemea kusikia kwamba kesho yake aliacha kazi, lakini alirudi mapema kuliko wote, akasimama mbele ya wanaume kumi na mmoja na kusema, "Ninaogopa," kisha akakagua mkanda wake mara tatu, akapanda. Walimcheka wiki nzima, na wiki ya pili mmoja wao akanong'ona kwamba hata yeye anaogopa, na Mama alipofanywa msimamizi mwaka 1983 aliliweka kuwa sharti, kwamba hapandi mtu kabla hajalisema neno hilo kwa sauti, na mwenye majigambo abaki chini akikunja nyaya.

Tarehe 2 Mei 1991 kikosi kiliarifiwa kwamba umeme umekatwa, kila mtu akataka kuanza, Mama akasema hofu yake haijaridhika, akapima nyaya tena, na taa ya kipimio ikawaka, kumbe umeme ulikuwa bado umo. Wanne waliokuwa wapande siku ile wamekaa safu ya tatu hapa leo, mmoja wao ana wajukuu saba, na mpaka Mama alipostaafu tarehe 31 Agosti 2008, hakuna familia hata moja ya kikosi chake iliyoletewa habari mbaya.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na yule fundi cherehani wa godoro, na alipoulizwa kama anakubali alisema, "Ninaogopa," shughuli ikasimama, mashangazi wakaanza kuulizana kama mtoto analazimishwa, mpaka Baba aliposema, "Na mimi pia," na wakaendelea. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1978, 1981 na 1986, na nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kufanya mtihani kabla ya kusema neno lile na kujibiwa.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye figo. Daktari wa kwanza alimwambia hana wasiwasi wowote na upasuaji ule, Mama akamshukuru na kuomba aletewe mwingine, na wa pili alipokiri kwamba unamtia hofu, na kwamba ndiyo maana amesoma faili mara mbili, Mama akamwambia, "Soma ya tatu, halafu nipasue." Alipasuliwa tarehe 6 Machi 2018, akapata miaka minne ya kuwafundisha wajukuu kupanda ngazi.

Uvimbe ulirudi Januari 2022, na tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, alitutazama akasema, "Ninaogopa," tukamjibu, "Na sisi pia," mkono wake ukashuka kiunoni, pale mkanda ulipokuwa ukikaa, ukagusa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaenda, akiwa na umri wa miaka 68.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule daktari mwoga, majirani waliopokezana zamu jikoni kwetu, na mafundi waliombeba leo mabegani, ambao niliwasikia wakikagua kamba za jeneza mara tatu.

Mama, bado ninaogopa, na nimefika mwisho. Kaka, ikunje nakala yako. Pumzika kwa amani, Bendera wetu.