Gari la Kwanza la Binti wa Fundi

Benchi lilikuwa mbele ya duka la kinyozi, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali. Asubuhi hiyo fundi cherehani alikaa ukingoni, akaagiza kahawa, akatoa jambo lililomkaa kooni: gari gani linamfaa mtoto wa miaka kumi na saba? Binti yake alikuwa amebakiza wiki mbili afanye mtihani wa udereva. Shangazi mtu alishaahidi kununua gari, mradi baba achague. Na baba mwenyewe hajawahi kushika usukani tangu azaliwe.

Gia Nne, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyeanza.

— Mchukulie pikapu nzito. Akigongana na mtu, aumie huyo mwingine.

— Na huyo mwingine si mtoto wa watu? aliuliza muuza kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijibu Gia Nne, akanywa.

Kinyozi, waliyemwita Daktari kwa kuwa ana dawa ya kila kitu, alikataa. Yeye alitaka kigari kikuukuu cha gia za mkono, ili mtoto ahangaike na klachi hata asikumbuke simu. Kisha viti vya nyuma ving'olewe, marafiki wakose pa kukaa.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alimalizia, na hakuna aliyemuuliza chawa wameingiaje.

Gia Nne akaona basi na gia ya tatu izibwe kabisa. Kufikia kikombe cha pili gari lilikuwa la manjano, halina redio, lina honi ya lori.

Fundi aliitikia kila neno, ila masikio hayakuwapo. Kila walipotaja gari, aliiona njia panda ya shuleni, taa inabadilika, na mwanawe yuko peke yake ndani.

Binti mwenyewe akatokea, anatoka darasa la udereva.

— Shikamooni.

Wakamsomea gari lake lote. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Mimi lolote, baba, mradi breki zishike. Ila mwalimu kasema hata nikifaulu, mwanzoni nisiendeshe peke yangu. Nani atakaa na mimi?

Gia Nne akakumbuka kuwa mgongo unamuuma. Daktari akasema ana mteja, na kiti chake kilikuwa kitupu. Muuza kahawa akainamisha birika. Likatoa matone mawili.

— Mimi sijui hata breki iko wapi, mwanangu, alisema fundi.

— Kujua ni kazi yangu, baba. Wewe kaa tu.

Mtihani alifaulu. Jumamosi iliyofuata wakachukua gari dogo la kijivu, lenye viti vyake vyote. Fundi alifunga mkanda kabla injini haijawashwa, akashika mlango kwa mikono miwili. Walipita mbele ya kijiwe polepole mno, hata mwenye baiskeli akawaacha nyuma. Benchi zima lilisimama kuwapungia.

Fundi hakuwaona. Alikuwa anaangalia njia.