Wokovu Wangu na Ndoo Mbili za Kangara

Bwana asifiwe. Mmeitika wachache, wengine mmenuna kwa kuwa mnanijua. Nuneni, lakini nisikilizeni.

Mimi ni mkulima wa Kitura. Mnajua ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia mlimani, hazichimbwi na mtu mmoja. Unaita majirani, wanaume wanafyeka majani na kuyapanga, kina mama wanayafukia, jioni mwenye shamba anawapa kangara. Mwaka niliookoka nilisema kwangu pombe haipikwi, nikachemsha chai. Walikuja watu wawili, mmoja shemeji yangu, naye kwa aibu tu. Mwaka ule maharage tuliyaona kwa wenzetu.

Mwaka uliofuata mke wangu akapika ndoo mbili. Sikuonja hata tone. Jumapili yake mzee mmoja wa kanisa, simtaji, mwenyewe anajijua, akasimama akatangaza kwamba wokovu wangu umepotea. Umepotea, kama kuku! Na maharage ya shamba lile alikuja kuyaomba, akala, wokovu wake haukutikisika.

Lakini mpumbavu mkubwa nilikuwa mimi, maana nilimwamini. Nikasema, kama umepotea, umepotea. Nikaanza kunywa kweli kweli. Kilabuni nikakutana na mjuaji mwingine, wa kutoka Mbamba Bay, akanifundisha kwamba aliyeokoka hapotei kamwe, hata ampige mkewe. Alifundisha huku ameshindwa kuvaa kiatu chake. Hao ndio walimu wangu wawili, na nilikuwa nawasikiliza wote.

Kisha binti yangu wa miaka minane akashikwa na malaria. Tukiwa kwenye benchi la hospitali, Mbinga, akaniambia, "Baba, niombee."

Nikamjibu, "Mwambie mama yako. Mimi Mungu hanisikii tena."

Akasema, "Basi nitakuombea wewe."

Na akaniombea, meno yakigongana kwa homa. Ndugu zangu, nawaambia, nilijidharau siku ile kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote. Nikapiga magoti pale pale, dada wa usafi akasogeza ndoo yake. Nikasema, "Baba, mponye." Lile neno Baba lilitoka lenyewe. Nikajua sikuwa nimepotea; nilikuwa nimekimbia, kwa sababu mtu fulani alinifukuza kwenye nyumba isiyo yake.

Mtoto alipona. Pombe ilinichukua miezi mingine kuiacha, nisiwadanganye. Namshukuru mke wangu, aliyenifungulia mlango kila nilipoanguka nje. Nawashukuru majirani Wakatoliki, waliomaliza ngoro zetu bila kangara, bila hata chai, tulipokuwa hospitali.

Ninachowaachia ni hiki: mwenzenu akiteleza, mshikeni mkono, msimtangazie msiba. Na wewe unayekaa mbele hapo ukitafuta nani ameupoteza wokovu leo, binti yangu anakuombea kila jioni. Anakutaja kwa jina. Mimi bado nashindwa hata kuitika amina.