Kuku Aliyeota Jua

Kwenye basi la kwenda mji wa Louth, Uingereza, mama mmoja alikuwa amepakata boksi lenye matundu. Ndani mlikuwa na kuku watatu wa kizimbani, waliopunguza kutaga, ambao aliwaokoa wasipelekwe kuchinjwa. Mzee wa kofia aliyeketi kando yake alichungulia, akacheka. "Hata manyoya hawana! Hapo utakula nini, mama?"

"Siwali, mzee wangu. Wamestaafu."

"Kuku kastaafu! Na mayai unayokula asubuhi yanatoka wapi?"

Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilisukuma mkate wangu wenye yai ndani zaidi ya mfuko.

Mama alisema kuku mmoja aliyemwokoa mwaka jana, siku ya kwanza, alimkuta bustanini amelala ubavu, bawa kalitandaza, macho kafumba. "Nikalia, nikaenda kuchukua koleo nimzike. Narudi, ananitazama! Kumbe anaota jua tu."

Mzee akachungulia tena boksini. "Nimewalisha hao miaka kumi na tisa, mabandani," akasema. "Maelfu kwa maelfu. Sikujua kama huwa wanaota jua."

Basi likasimama kituoni kwake. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Akainuka, akavua kofia.

"Mama, siku jua likitoka, naweza kuja..." akaanza, lakini dereva alishafungua mlango.